Miguu Minne ya Land Rover ya Baba

Bariadi,
6 Novemba 1994

Dada Generoza,

Laiti wazungu waliobuni Land Rover wangejua kwamba Nyanda wa Marcelo atazaliwa Bariadi, wangeweka kalamu chini wakasubiri. Sijisifu. Nasema kilichopo, na fundi Mihayo ni shahidi, ingawa ukimuuliza atakohoa na kutazama pembeni, ndiyo tabia yake akizidiwa.

Mimi mzima. Kama wewe si mzima jitibu, nesi ni wewe.

Barua yako ya kutaka gari la baba liuzwe kwa hawa wanunuzi wapya wa pamba nimeisoma mara moja nikaikunja. Umesema limekaa juu ya mawe tangu baba afariki na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Hizo habari za zamani. Kuku nimewahamisha.

Sasa sikiliza. Springi nimeziongezea majani mawili kila upande, gari limesimama juu kama mbuni, mbuzi anapita chini bila kuinama. Ile injini ya petroli iliyokuwa inakunywa kama mlevi wa mnadani nimeing'oa, nimeweka ya dizeli ya Kijapani iliyoshuka kwenye kontena huko kwenu Mwanza. Siku hizi ruksa, dada. Baba alingoja kibali miezi saba apate klachi pleti moja. Mimi nimeikuta imening'inizwa dukani karibu na kandambili. Bomba la kuvutia hewa nimelipandisha mpaka juu ya paa, lilikuwa bomba la pampu ya maji, kwa hiyo mto ukifika kwenye taa injini bado inapumua juu kama kiboko.

Lakini kubwa kuliko yote ni habu. Ninyi wa hospitali mnajua viungo vya watu tu, ngoja nikufundishe. Land Rover inavuta kwa miguu minne. Barabara ikiwa kavu, miguu ya mbele kuvuta ni kula mafuta bure. Basi nimetoa habu mbili kwenye Land Rover iliyokufa nikazifunga kwenye yetu. Kila gurudumu la mbele lina kifundo katikati, ukubwa wa kifuniko cha kopo la kahawa, na mshale mdogo. Mshale ukiwa kwenye wazi, gurudumu linazunguka tu kama mgeni asiyepewa jembe. Ukifika kwenye tope unashuka, unazungusha kifundo cha kulia, unazungusha cha kushoto, unapanda, unavuta mkongojo mwekundu wa gia ndogo, basi miguu yote minne inalima.

Mihayo akaniambia, "Nyanda, chukua rangi nyeupe, andika mbele ya usukani: FUNGA HABU." Nikamjibu, mzee, hayo ni maandishi ya watu wanaosahau.

Usiuze gari.

Ni mimi mdogo wako asiye na pacha,
Nyanda


Mwanza,
12 Novemba 1994

Nyanda,

Barua yako nimeisomea wodini wakati wa chai. Wenzangu wakauliza nacheka nini, nikawaambia mdogo wangu amehamisha kuku.

Sasa acha kucheka usome. Katekista Januarius ameniandikia kutoka Bukundi. Jicho la kushoto la bibi Nyamizi limefungwa kabisa na mtoto wa jicho. La kulia anaona mtu kama kivuli nyuma ya pazia. Anamimina unga nje ya chungu, halafu anapapasa chini kuukusanya akidhani hakuna anayemwona.

Madaktari wa macho watakuja hospitali ya Bariadi tarehe 13 Desemba, watakaa siku nne. Wakiondoka, hakuna anayejua watarudi lini. Nimempigania bibi mpaka jina lake limeingia, ni la kumi na moja. Anatakiwa awe amelazwa Jumatatu tarehe 12 asubuhi. Asipokuwepo, kitanda anapewa mwingine.

Basi la abiria haliendi Bukundi mvua zikianza, linaishia Mwanhuzi. Kwa hiyo tupatane. Ukimfikisha bibi hospitali siku hiyo, gari ni lako na sitalitaja tena mpaka tuzeeke. Usipomfikisha, naliuza kwa wa kwanza atakayeuliza.

Ondoka Ijumaa tarehe 9. Ni sikukuu, huna kisingizio. Nenda na Mihayo. Na hayo maneno mawili ya rangi nyeupe yaandike. Wewe ndiye uliyemaliza darasa la saba kwa kusahau chumba cha mtihani.

Dada yako,
Generoza


Bariadi,
29 Novemba 1994

Dada,

Chumba sikukisahau. Walikihamisha.

Habari ya bibi imeniingia, usidhani mimi ni jiwe. Nilipokuwa mtoto nikaugua surua, ni yeye aliyenibeba mgongoni kutoka Bukundi mpaka Mwanhuzi, na hakuongezewa majani ya springi. Nitamleta. Nimemtumia Januarius ujumbe kwamba Jumapili watu wakitoka kanisani wasikie honi, na bibi avae kitenge kipya.

Jaribio limefanyika. Juzi nilikwenda Nkololo, nikakuta lori la mnunuzi wa pamba limelala kwenye tope mpaka kwenye mbao, dereva wake amevaa viatu vya ngozi, anasimama kwenye gunia kama kuku aliyenyeshewa. Nikafunga mnyororo, Land Rover ikanguruma, lori likatoka kama jino bovu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mihayo alikuwa pembeni yangu anasema funga habu, vuta polepole, usikanyage sana, funga habu. Dada, yule mzee ni mtu mwema, lakini kusafiri naye ni kama kusafiri na redio isiyozimika. Bukundi nitakwenda peke yangu. Kiti chake kitakaa mzigo wa bibi.

Ijumaa haitawezekana. Kuna mchoraji anakuja siku hiyo kuandika jina kwenye boneti: MVUKA MBUGA. Huwezi kwenda kumchukua bibi na gari lisilo na jina. Nitaondoka Jumamosi alfajiri, Jumapili niko Bukundi, Jumapili hiyohiyo tunageuza, Jumatatu asubuhi bibi yuko kitandani. Hesabu ndogo hiyo hata mimi naiweza.

Nyanda


Mwanza,
4 Desemba 1994
(Kwa mkono wa kondakta)

Nyanda,

Bibi haoni boneti. Ondoka Ijumaa. Mchukue Mihayo.

Generoza


Bariadi,
15 Desemba 1994

Dada mpendwa,

Natumaini huko Mwanza samaki hawajapanda bei na kazi za usiku hazikuchoshi sana. Mimi nimerudi salama. Gari zima, rangi ya jina haijachubuka hata kidogo, watu wote njiani walisoma. Mto Simiyu nimeuvuka maji yakiwa yamefika kwenye taa na injini haikukohoa hata mara moja, ungekuwepo ungesahau mambo ya kuuza.

Bibi hajambo na anakusalimu sana. Kuhusu macho, tumeonelea tuahirishe kidogo. Bibi mwenyewe kasita. Unajua wazee na visu. Alisema kama ni kukatwa jicho bora abaki nalo hivyohivyo, na mimi siwezi kumbeba bibi yangu kama gunia la pamba.

Mvua ni nyingi sana huku. Kama nikichelewa kujibu barua zako, ni mvua.

Nyanda


Mwanza,
19 Desemba 1994

Nyanda,

Barua yako ina adabu, kwa hiyo najua ni ya uongo. Hujawahi kuniita mpendwa tangu uzaliwe.

Bibi Nyamizi aogope kisu? Bibi aliyejitoa mwiba wa mgunga kwenye nyayo kwa wembe huku anatusimulia hadithi ya fisi, na hadithi haikukatika? Nilikwenda kwa bosi wangu kuomba ruhusa nije Bariadi nimshike mkono. Nilikaa mlangoni kwa wagonjwa wa macho siku mbili. Walipoita jina la kumi na moja mara tatu, nilisema yuko njiani. Nikasema yuko njiani. Nikasema yuko njiani. Akaingia mzee mmoja kutoka Nassa.

Nikakutafuta gereji na nyumbani. Mihayo akasema hujarudi. Ulirudi siku niliyopanda basi, au siku hiyo ulijificha?

Sikuulizi tena wewe. Nimemwandikia Januarius.

Generoza


Bukundi,
27 Desemba 1994

Mjukuu wangu Generoza,

Naandika mimi Januarius, lakini maneno ni ya bibi yako. Amenikataza kuyapamba.

Mwangaluka, mjukuu wangu. Mimi mzima isipokuwa hayo unayoyajua. Umeuliza kwa nini sikuja. Nitakuambia, na usinikatize.

Jumapili ile tulikuwa kanisani, nimevaa kitenge kipya. Januarius alikuwa katika kusoma matangazo. Mara nikasikia mwano, lile yowe la hatari, unapigwa upande wa mbugani. Wewe umekaa mjini miaka, nikukumbushe. Mwano ukipigwa, mwanamume aliyeinua tonge analiacha hewani. Anayeusikia anaupokea na kuupiga kwa anayefuata, na ule ulifika vijiji vitatu. Mwano ni wa ng'ombe kuchukuliwa au mtu kuuawa. Hakuna mwano wa tatu.

Kanisa likabaki na wanawake. Wanaume walikwenda na pinde na rungu, waliokuwa wanachunga wakaacha ng'ombe, na ng'ombe wakaingia kwenye mtama mchanga wa shamba la kwaya wakaumaliza. Walipofika huko wakamkuta Nyanda amekaa juu ya boneti, anatabasamu. Gari limezama nyuma mpaka kwenye bodi. Akawaambia, "Wabeja kwa kuja, wazee wangu. Nimekwama."

Ngassa, mtemi wa sungusungu, akamuuliza, "Ng'ombe wa nani wamechukuliwa?"

"Hakuna, mzee."

"Ameuawa nani?"

"Hakuna. Ni gari tu. Gia ya mbele imevunjika, na nilipiga honi sana, hamkuja."

Hayo walinisimulia wao. Wakaleta ng'ombe wanane wa plau wakalivuta likatoka, kwa sababu aliyekwama hukwamuliwa hata akiwa mpumbavu. Halafu wakakaa palepale kwenye majani mabichi wakatoa hukumu. Dume moja, na alilete mwenyewe, alitembeze kwa miguu yake. Mpaka siku hiyo asipewe maji, wala moto, wala salamu. Na atakayepanda gari lake amejitenga pamoja naye.

Nyanda akaja mpaka uani kwangu. Hakushuka kwanza. Kisha akashuka akasema, "Bibi, twende, macho yako yanangojewa." Niligusa ubavu wa gari, lilikuwa na joto kama dume lililotoka kulima. Nilitaka kupanda, mjukuu wangu, sikufichi. Mguu mmoja nilikuwa nimeshauinua. Lakini anayenichotea maji ni mke wa Ngassa. Wanaonilimia ni wana wa Ngassa. Nikapona, nikarudi hapa, nione nini? Migongo yao? Nikauteremsha mguu. Nikamwambia aende.

Alikaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha. Sikumuaga, kwa sababu hata mimi sikuruhusiwa kumsalimu.

Usimpige kwa maneno mengi. Lakini muulize gia iliyovunjika ni ipi. Lile gari liliondoka hapa likinguruma vizuri kabisa, na kwangu kilichoharibika ni macho. Masikio bado.

Bibi yako,
Nyamizi
(ameweka kidole)


Mwanza,
5 Januari 1995

Nyanda,

Nakutumia barua ya bibi uisome mwenyewe. Nimeilia, kisha nimeipiga pasi kwa kiganja, ndiyo maana wino umechafuka.

Sitakutukana. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na makosa yangu, na baba aliyafunika. Ila sikiliza. Daktari wa hapa hospitali kubwa amekubali kumpokea bibi tarehe 20 Februari. Anasema jicho bado linaweza kusafishwa, lakini Januarius anasema sasa hata kivuli cha mtu hakipo, amebakiwa na mchana na usiku tu. Februari ikipita naogopa atapoteza hata hivyo viwili.

Kwa hiyo nataka jibu moja. Yule mnunuzi wa pamba bado analitaka gari, nimemwambia gia ya mbele imevunjika, amesema basi atalichukua kama chuma chakavu. Halafu nikampelekea Mihayo swali kwa kondakta. Amejibu kwamba amefungua difu ya mbele, amefungua giaboksi, ameangalia propela, hakuna jino lililokatika wala boriti iliyopinda. Mmoja wenu anadanganya, na Mihayo hana mazoea.

Kama gari ni bovu, nitatafuta lingine la kumtoa bibi, na hili liende. Kama ni zima, niambie kilichotokea. Siwezi kumpandisha bibi kwenye kitu nisichokijua ugonjwa wake. Hata wewe huwezi kutaka hivyo.

Kitu gani kilivunjika?

Generoza


Bariadi,
24 Januari 1995

Dada,

Nimechelewa si kwa sababu ya mvua. Nilikwenda Bukundi kwa miguu.

Lile dume jekundu baba aliloniachia, lile nililosema halitoki zizini mpaka siku ya kuoa, nimelitembeza siku tano. Hakuna kijana wa Bariadi aliyewahi kuswaga dume kama lile peke yake umbali ule, na kama yupo ajitokeze. Siku ya tatu lilinikalia katikati ya njia likakataa. Nikaligombeza, nikalibembeleza, nikaliimbia, mwishowe na mimi nikakaa. Mwanamke mmoja akapita na ndoo akauliza, "Ninyi wawili mnangoja nani?" Sikuwa na jibu la kijanja. Hiyo mwenyewe unajua ni ugonjwa.

Ngassa akalipokea mbele ya watu. Akalizunguka, akalishika nundu, akasema ni dume zuri. Halafu akaniambia, "Mwangaluka." Dada, sikujua salamu ina uzito hivyo. Mke wake akaniletea maji kwenye kibuyu, nikanywa yote, akaleta mengine. Bibi akanipapasa uso kwa vidole, akasema nimekonda, akasema vizuri.

Hakuniuliza chochote kuhusu gari. Aliinamisha tu sikio, kama anangoja kitu kianguke.

Tarehe 20 Februari usitafute gari lingine. Mihayo ataendesha, nimekwisha kumwomba, alikohoa akatazama pembeni akakubali. Mimi nitakaa nyuma na bibi nimshike asirushwe, maana springi nilizoongeza ni ngumu kuliko nilivyokuambia. Tutaondoka siku tatu kabla. Na kama ukishasoma hapa chini bado utataka kuliuza, liuze bibi akishafika. Sitakunja barua.

Uliniuliza kitu gani kilivunjika.

Jumapili ile nilifika mbugani saa tano. Kutoka pale unaliona bati la kanisa, ni mwendo wa kuvuta sigara mbili. Nilikuwa nimeshasema nitafika na honi. Nikaingia kwenye lile tope jeusi kwa kasi, nikavuta mkongojo mwekundu, gari likaenda kidogo, likazama. Nikashuka nikachimba. Nikakata matawi nikayalaza mbele ya matairi. Nikapiga jeki, jeki likazama lenyewe kama linatafuta maji. Nikafunga minyororo. Nikapiga honi mpaka betri ikaanza kulia. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Mwanhuzi, na Jumatatu ni kesho yake. Nilishuka na kupanda mara sita. Matairi ya nyuma yanazunguka yanarusha tope mpaka juu ya paa, ya mbele yametulia tuli, nami nikayatukana. Nikasema gia imekufa. Nikasema injini ya Mjapani na mwili wa Mwingereza haviongei lugha moja.

Ningeweza kutembea mpaka kanisani kuomba watu. Ndiyo, ningeweza. Lakini ningefika kwa miguu, na jina liko kwenye boneti. Ndipo nikapiga ule mwano.

Kabla sijaupiga, ile mara ya sita, nilichoka nikachuchumaa ubavuni mwa gurudumu la mbele la kulia. Nikaegemeza kiganja katikati yake ili nipumue. Nilikaa hivyo muda wa kutosha. Kifundo kilikuwa chini ya kiganja changu, nilikisikia ubaridi wake.

Usiku ule niliondoka Bukundi bila bibi, nikalala ndani ya gari njiani. Asubuhi nikafika Mwanhuzi, nikachota maji kisimani nikaliosha, ili nikifika Bariadi watu wasome jina. Nilianza na magurudumu ya mbele. Tope likadondoka bonge zima kama mkate, mshale ukatokea. Nikauangalia. Nikazunguka upande wa pili, nikamwaga ndoo nyingine, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Wazi. Na huu nao, wazi.

Nikakaa pale kisimani mpaka siku iliyofuata, maana sikuwa na uso wa kuleta Bariadi, nisijue kwamba wakati huo wewe umekaa mlangoni unasema bibi yuko njiani.

Hakuna kilichovunjika, dada. Sikufunga habu.

Nyanda